Mkononi au kinenani? Njia ya kuuzibua mshipa wa moyo ulioziba ghafla

Ukikaa barazani Mombasa na watu wawili waliowahi kuwekewa stenti, kijiwavu cha kuushikilia wazi mshipa wa moyo uliozibuliwa, haichukui muda kabla mmoja hajavuta mkono wa kanzu aonyeshe alama ndogo kwenye kifundo cha mkono, pale pale daktari anaposhika kuhesabu mapigo. Mwengine atasema yeye mrija wa tiba alipitishiwa kinenani, akalazwa chali saa nyingi bila ruhusa ya kukunja mguu. Hapo ubishi huanza. Yupi alitibiwa sawasawa? Wa kinenani alifanyiwa vile kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya zaidi, au hospitali ilikosa vifaa? Na huyu wa mkononi, mrija ulifikaje moyoni kutoka huko?

Ni maswali ya haki, na majibu yake yapo. Kwa mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo, kupita mkononi huokoa maisha zaidi kuliko kupita kinenani. Sababu kubwa haihusiani na umbali wa kufika moyoni. Mgonjwa huyu amejazwa dawa za kuzuia damu kuganda, na tundu la mkononi ni rahisi kulidhibiti lisivuje. Faida hiyo, hata hivyo, hupatikana pale daktari anapokuwa ameizoea njia yenyewe, na hapo ndipo mambo yanapotatizika kuliko barazani tunavyoyasimulia.

Tuanze na kinachotokea kifuani. Moyo una mishipa yake yenyewe inayoulisha damu, nayo ni myembamba, mikubwa yake ikiwa na upana wa milimita 3 au 4 hivi. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga ndani ya ukuta wa mshipa bila mtu kuhisi lolote. Siku moja tabaka linaloyafunika hupasuka. Mwili hudhani kuna jeraha, ukatuma chembe zake za kugandisha damu kuliziba, na bonge likatokea katikati ya njia. Nyama ya moyo iliyo mbele ya bonge hilo huanza kufa kwa kukosa damu. Kifua hubana, maumivu yakapanda shingoni na tayani au yakashuka mkono wa kushoto, kijasho chembamba kikatoka, mtu akataka kutapika. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari dalili zaweza kuwa uchovu wa ajabu na pumzi kukata tu, na ndiyo maana wengi hunywa dawa ya gesi wakalala.

Matibabu bora ni kuuzibua mshipa huo haraka. Daktari hupitisha mrija laini, katheta, ndani ya mshipa mkubwa hadi mwanzo wa mishipa ya moyo. Ndani ya katheta hupitisha waya mwembamba kama unywele unaopenya bonge, kisha puto dogo linalofunguliwa kuipanua njia, kisha stenti, wavu mdogo wa chuma unaobaki pale kuushikilia mshipa usijifunge tena. Mishipa yote inayopeleka damu mwilini huanzia kwenye mshipa mmoja mkuu utokao moyoni, aota. Kwa hiyo ukiingia kwenye wowote kati yake na kuufuata kinyume cha mkondo, utafika moyoni. Kinena na kifundo cha mkono ni milango miwili ya nyumba moja.

Sasa lipo jambo ambalo ndugu wa mgonjwa huwa hawaelezwi vya kutosha. Kabla hata ya kuingizwa kwenye chumba cha mtambo, mgonjwa hupewa asipirini atafune, pamoja na klopidogreli au tikagrelori, na heparini ya mshipani. Zote kazi yake ni kuzuia damu isigande. Bila hizo, bonge hukua na stenti mpya huziba. Lakini dawa hizo hazichagui mahali: damu inayokataa kuganda moyoni hukataa kuganda pia kwenye tundu ambalo daktari analitoboa dakika chache baadaye. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo hutobolewa mshipa mkubwa wakati ambao mwili wake umenyang'anywa uwezo wa kujiziba. Ugomvi wote wa mkononi na kinenani unatokana na hilo.

Kwa nini kinena kilitawala miaka mingi

Safari ya kuingia moyoni ilianzia mkononi. Mwaka 1929, nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akatembea kwenda kupigwa eksirei ili athibitishe. Mason Sones wa Cleveland, Marekani, aliyeanza mwaka 1958 kupiga picha za mishipa ya moyo moja kwa moja, alikuwa akipasua ngozi karibu na kiwiko kuufikia mshipa. Kilichohamisha mambo ni mbinu ya Sven-Ivar Seldinger wa Sweden ya mwaka 1953: kutoboa kwa sindano, kupitisha waya, kuondoa sindano, na kuuteleza mrija juu ya waya, bila kupasua. Melvin Judkins akatengeneza katheta za kuingilia kinenani mwaka 1967, na Andreas Grüntzig alipofungua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza, Zurich, Septemba 1977, naye alipitia kinenani.

Walikuwa na sababu. Mshipa wa kinenani ni mpana, mara mbili au zaidi ya ule wa kifundo cha mkono, na mirija ya zamani ilikuwa minene. Njia yake ya kupanda ni nyoofu. Mapigo yake hupapaswa kwa urahisi hata mgonjwa akiwa amelegea. Vizazi vya madaktari vilifundishwa hapo, na mkono uliofundishwa jambo moja kwa miaka 20 haubadilishwi kwa semina ya siku mbili.

Hadi mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal, Kanada, alipochapisha habari za wagonjwa 100 aliowapiga picha za moyo kupitia mshipa wa kifundo cha mkono. Miaka mitatu baadaye Ferdinand Kiemeneij, Amsterdam, akaanza kutumia njia hiyo hiyo kwa puto, na muda mfupi baadaye kwa stenti. Mirija ilikuwa imeshakonda vya kutosha.

Hatari ya kinenani

Mshipa wa kinenani hupita juu ya kichwa cha mfupa wa paja. Daktari akitoboa juu ya mfupa huo barabara, baadaye anaweza kuubana mshipa dhidi yake na damu ikasimama. Sehemu hiyo salama si ndefu. Akitoboa chini zaidi, mshipa huwa umeshagawanyika na hakuna mfupa wa kuubania. Damu huvimba ndani ya nyama, au hujitengenezea kifuko kando ya mshipa kinachopiga kama moyo. Akitoboa juu zaidi ni hatari mbaya kuliko zote, kwa sababu mshipa hapo umeshaingia ndani ya nyonga, na damu humwagika nyuma ya tumbo mahali pasipoonekana.

Hilo la mwisho ndilo linalowanyima usingizi manesi wa wodi. Bendeji ni kavu. Kinena hakijavimba. Mgonjwa analalamika mgongo tu, na nani asiyeumwa mgongo baada ya kulala chali saa 6? Kisha anakuwa mweupe, jasho linamtoka, presha inashuka, na wakati huo lita nzima au zaidi ya damu imeshajikusanya ndani. Ndiyo maana nesi anayejua kazi yake hapuuzi maumivu ya mgongo au ya ubavu kwa mgonjwa aliyetobolewa kinenani, hata mgonjwa mwenyewe akisema si kitu.

Na kuvuja damu humuumiza mgonjwa wa moyo mara mbili. Kwanza ile damu yenyewe iliyopotea, wakati moyo umejeruhiwa na hauna akiba. Pili, daktari hulazimika kupunguza au kusimamisha zile dawa za kuzuia kuganda, na stenti iliyowekwa saa chache zilizopita ikawa hatarini kuziba. Mtu huponywa mshtuko wa moyo akauawa na tundu alilopitishiwa tiba.

Mkononi mambo ni tofauti. Mshipa uko chini ya ngozi tu, juu ya mfupa, hauna pa kumwaga damu kwa siri. Ukivuja, unaona. Ukiona, unabana kwa kidole kimoja. Tena kiganja kina mishipa miwili inayokilisha, mmoja upande wa dole gumba na mwengine upande wa kidole cha mwisho, nayo hukutana kiganjani. Mmoja ukiziba, kwa watu wengi sana mwengine hutosha.

Ndani ya chumba

Mgonjwa hulala chali, mkono wa kulia juu ya ubao, kiganja kikiangalia juu, kifundo kimeinuliwa kidogo kwa kitambaa kilichokunjwa. Nesi anasafisha kwa dawa. Mara nyingi anasafisha na kunyoa kinenani pia, jambo linalowashangaza ndugu. "Daktari, mwasema mtapita mkononi, mbona mumemnyoa huku chini?" Ni tahadhari nzuri: njia ya mkononi ikigoma, wasipoteze hata dakika moja kuandaa ya pili, na mtambo wa kuusaidia moyo ukihitajika ghafla, mlango wake uko tayari.

Daktari hupapasa mapigo kwa vidole viwili. Hudunga ganzi kidogo sana, kwa kuwa ikizidi uvimbe wake huyafunika mapigo. Kisha sindano kwa mshazari. Damu ikichomoza tu, waya huingia, sindano hutoka, na mrija mfupi wa plastiki huteleza juu ya waya na kukaa. Huo ndio mlango. Katheta itakayopita humo kwa kawaida ina unene wa milimita 2, na mshipa wenyewe una upana wa milimita 2 hadi 3. Mnaona palivyo pafinyu.

Kwa ufinyu huo, mshipa wa mkononi una tabia ya kujikaza. Hofu huukaza, maumivu huukaza, kuvutwavutwa kwa mrija huukaza zaidi. Ndiyo sababu daktari hudunga ndani yake dawa ya kuulegeza, verapamili au nitrogliserini, na mgonjwa hupewa kitu cha kumtuliza. Maneno nayo ni dawa hapa. "Mzee wangu, ukihisi mkono unavutwa niambie, usivumilie." Anayeelezwa hivyo mshipa wake hulegea kuliko anayeambiwa anyamaze.

Katheta hupanda hadi kiwikoni, begani, chini ya mtulinga. Kwa wazee walioishi na presha muda mrefu, hapo njia huwa imejikunjakunja na waya ukagoma. Utamsikia daktari akisema, "Vuta pumzi ndani kabisa, ishike." Kifua kikipanuka mshipa hunyooka, na waya ukapita. Huwa naona jambo hilo ni zuri mno, kwamba katikati ya mitambo ya mamilioni ya shilingi msaada hutoka kwenye pumzi ya mgonjwa mwenyewe.

Kazi ikiisha, mrija huondolewa na kifundo hufungwa mkanda wa plastiki wenye kifuko kinachojazwa hewa kwa sindano. Hapa pana ustadi mdogo wenye maana kubwa. Ukiubana mkanda kupita kiasi, damu husimama lakini mshipa wote huziba, na huenda usifunguke tena maisha. Kwa hiyo hewa hupunguzwa hadi tone la damu litake kutokea, kisha huongezwa kidogo tu. Nesi makini huweka kile kipimo cha oksijeni kwenye dole gumba la mgonjwa, akaukandamiza mshipa wa upande wa pili kwa kidole chake: mawimbi yakiendelea kuonekana, damu bado inapita chini ya mkanda. Baada ya saa chache hewa hutolewa kidogo kidogo hadi iishe.

Mgonjwa wakati huo ameketi. Anakunywa chai. Anakwenda msalani mwenyewe. Kwa mji wetu niongeze jambo ambalo vitabu vya udaktari hulipita haraka: stara. Mama mtu mzima wa Mji wa Kale au Kisauni aliyefunuliwa kinena mbele ya vijana watano, kisha kila saa akafunuliwa tena kukaguliwa bendeji, hulibeba jambo hilo muda mrefu. Kumpitishia mkononi ni kumhifadhi. Haitoshi kuwa sababu ya kuchagua tiba, lakini si jambo dogo.

Utafiti unasemaje, na mbona haukubaliani

Uchunguzi mkubwa wa kwanza uliitwa RIVAL, ukatangazwa 2011, ukiwa na wagonjwa 7,021 kutoka nchi 32. Waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu mkononi na nusu kinenani. Kwa jumla matokeo makuu, yaani kifo, mshtuko mwengine wa moyo, kiharusi au kuvuja damu kwingi, hayakutofautiana: asilimia 3.7 mkononi kwa 4.0 kinenani. Aliyesoma mstari huo peke yake alisema ugomvi umekwisha, njia zote sawa. Lakini ndani yake, wale waliokuwa na mshtuko mkali, wenye mshipa ulioziba kabisa, waliopitishiwa mkononi walikufa asilimia 1.3 na wa kinenani asilimia 3.2. Na hospitali zilizoizoea njia ya mkono ndizo zilizoonyesha faida.

Kisha Italia, mwaka 2012, uchunguzi wa RIFLE-STEACS wa wagonjwa 1,001 wa mshtuko mkali peke yao: vifo vya moyo asilimia 5.2 mkononi, 9.2 kinenani. Mwaka 2015 ukaja MATRIX, wagonjwa 8,404 katika nchi 4 za Ulaya. Vifo vilikuwa asilimia 1.6 kwa 2.2. Humo pia faida ilionekana zaidi katika hospitali ambazo sehemu kubwa ya kazi zao hupita mkononi.

Baada ya hapo, 2020, Wakanada wakatoa SAFARI-STEMI, nao ukavuruga hadithi. Wagonjwa 2,292, wote wa mshtuko mkali, na vifo vya siku 30 vikawa asilimia 1.5 mkononi na 1.3 kinenani. Hakuna tofauti. Mtu angeweza kusema kwamba waliotangulia walikosea. Mimi naona jibu liko kwenye namna kazi ilivyofanywa. Madaktari wa SAFARI walikuwa hodari wa njia zote mbili. Wagonjwa wengi walipewa bivalirudini, dawa ya kuzuia kuganda inayosababisha kuvuja kidogo kuliko mchanganyiko wa zamani, na wengi wa kinenani walizibwa tundu kwa kifaa maalumu cha kufunga mshipa. Tena uchunguzi ulisimamishwa kabla ya kufikisha idadi iliyopangwa, kwa hiyo haukuwa na nguvu ya kuona tofauti ndogo. Ulichoonyesha ni kwamba kinena kikishughulikiwa na bingwa wa kinena, kwa vifaa kamili na dawa za bei, pengo hupungua sana. Kwetu, bivalirudini na vifaa hivyo vya kuziba si vitu vya kila siku, na kwa sababu hiyo hiyo faida ya mkono inatuhusu zaidi.

Mwaka 2022 watafiti walikusanya taarifa za mgonjwa mmoja mmoja kutoka chunguzi 7, jumla wagonjwa 21,600 hivi wa matatizo mbalimbali ya moyo. Siku 30 baadaye vifo vilikuwa asilimia 1.6 kwa waliopita mkononi na 2.1 kwa waliopita kinenani. Kuvuja damu kwingi, 1.5 kwa 2.7. Ukiziona kama asilimia waweza kuzidharau. Zigeuze watu. Kati ya kila wagonjwa 1,000, kwa kubadilisha tu mahali pa kutoboa, watu 5 zaidi wanabaki hai mwezi ukiisha, na 12 wanaepuka kuvuja damu kwingi. Hakuna dawa mpya iliyonunuliwa. Hakuna mtambo ulioongezwa.

Lakini angalieni kwamba kupungua kwa kuvuja hakukueleza vifo vyote vilivyoepukwa. Kulieleza sehemu tu. Sehemu nyengine huenda ni figo. Katika MATRIX, figo zilijeruhiwa kwa asilimia 15.4 ya waliopita mkononi na 17.4 ya waliopita kinenani. Katheta ya kinenani hupanda ndani ya aota ya tumboni, ikipita kwenye midomo ya mishipa ya figo, na yaweza kubandua vipande vya mafuta njiani. Ya mkononi haifiki huko kabisa.

Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa moyo ya Ulaya na ya Marekani leo inasema mkono uwe chaguo la kwanza, kwa masharti kwamba daktari amezoea.

Pale kinena kinapobaki haki

Mgonjwa akifika presha imeporomoka, mapigo ya kifundoni hayapapasiki, daktari hatakaa kuyatafuta. Atakwenda kinenani, na ni uamuzi sahihi. Mtambo wa kuusaidia moyo dhaifu unahitaji mshipa mpana. Wapo ambao mshipa wa mkono ni mwembamba mno, hasa kina mama wafupi wenye maumbo madogo, na hili linasikitisha kwa kuwa ndio hao hao wanaovuja zaidi wakitobolewa kinenani. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa moyo wa kuunganishiwa mishipa kwa kawaida hupitishiwa mkono wa kushoto au kinenani, kufuatana na mshipa uliotumika.

Na wapo wa figo, ambao Pwani hatuna budi kuwasemea. Kisukari na presha vimewapeleka wengi wetu kwenye mashine ya kusafisha damu. Anayesafishwa, au anayekaribia kusafishwa, mishipa ya mikono yake ndiyo uhai wake, kwa kuwa hapo ndipo huunganishwa njia ya mashine. Kuutoboa mshipa wa mkono huo na kuuziba ni kumfungia mlango wa kesho. Kama mgonjwa wenu ana tatizo la figo, lisemwe mlangoni, kabla hajaulizwa.

Kuna hatari nyengine isiyozungumzwa sana. Hospitali ambayo kila kitu hufanyika mkononi hulea madaktari wachanga wasiojua kinena. Siku kinena kinapohitajika, mgonjwa huwa ndiye mahututi kuliko wote, na mtoboaji ndiye mwenye mazoezi machache kuliko wote. Anayejifunza aipate njia hiyo pia, atumie ultrasaundi kuuona mshipa badala ya kukisia, na ajue mfupa uko wapi kabla ya kudunga.

Muda kwanza

Njia ya mkononi huongeza dakika moja au mbili kwa daktari mzoefu. Ni kitu gani hicho, ukilinganisha na foleni ya feri ya Likoni jioni? Au na mtu aliyebanwa kifua saa nane usiku Bamburi akangoja alfajiri asiwasumbue watoto? Daktari akijaribu mkononi na njia ikagoma, ahamie kinenani mara moja bila kuona haya. Katika RIVAL, karibu 8 kati ya kila 100 walioanziwa mkononi walihamishwa.

Miongozo inataka mshipa uzibuliwe ndani ya dakika 120 tangu kipimo cha umeme wa moyo kionyeshe mshtuko. Ikiwa haiwezekani, mgonjwa apewe hapo alipo sindano ya kuyeyusha bonge, kisha asafirishwe. Kwa mgonjwa wa Lunga Lunga, Malindi au Voi, hii ndiyo hali halisi, sembuse wa Lamu. Na hapo suala la mkono linarudi kwa nguvu mpya. Aliyechomwa dawa ya kuyeyusha bonge damu yake ni nyepesi kuliko ya mgonjwa mwengine yeyote atakayeingia chumbani siku hiyo. Akifika Mombasa atapigwa picha ya mishipa, kwa kawaida kati ya saa 2 na 24 baada ya sindano hiyo kama imefanya kazi, na mapema zaidi kama haikufanya. Kumtoboa kinenani wakati huo ni kujitafutia balaa pasipo lazima.

Ndugu wa mgonjwa msisimame mlangoni mkidai njia. Kumchelewesha kwa dakika 10 za mabishano ni kuipoteza faida yote niliyoieleza. Yasemeni yatakayomsaidia daktari kuchagua: ana figo, anatumia warfarini au dawa nyengine ya kuzuia damu kuganda, alishapasuliwa moyo, alichomwa sindano ya kuyeyusha bonge saa ngapi, ana mzio gani. Barua ya hospitali ya kwanza na karatasi ya kipimo cha moyo ziwe mkononi mwa anayefuatana naye, si kwenye gari lililobaki ng'ambo. Swali la kuuliza kwa utulivu, siku mkiwa wazima, ni hospitali ipi mjini ina mtambo wa kuzibua mishipa na daktari anayepatikana usiku, na mtu wa Likoni au Diani atafikaje huko feri ikiwa na msongamano.

Aliyepitishiwa mkononi akiruhusiwa kurudi nyumbani, siku chache za mwanzo asinyanyue ndoo ya maji wala mtoto kwa mkono huo, na asiuzamishe kwenye beseni la kufulia hadi tundu lifunge vizuri. Michubuko ya rangi ya zambarau ni kawaida. Damu ikichuruzika, akae, akandamize kwa kidole juu ya tundu, ainue mkono, na asipoona inasimama ndani ya dakika 10 arudi hospitali huku bado amekandamiza. Vidole vikiwa baridi na ganzi, au mkono ukivimba na kukaza kuelekea kiwikoni, asingoje kesho. Zile tembe zake za kuzuia kuganda asiziache hata siku moja bila daktari wa moyo kusema, hata kama jirani aliyewekewa stenti mwaka juzi ameshaacha zake.